Kwa Nini Tezo Kuukuu Huuzwa Bila Mpini

Hapo kale, kabla hata babu wa babu yangu hajazaliwa, tezo na mpini wake vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Mtu hakusema anauza chuma, wala hakusema anauza mti. Alisema anauza tezo yake, na aliyeichukua aliichukua nzima, akaenda nayo begani mpaka kwake. Ninyi mmezoea kukuta vyuma vitupu vimepangwa juu ya mkeka, na asubuhi ya leo mmoja wenu amenung'unika kwamba nimemuuzia nusu ya kitu. Simlaumu. Ila akae hapa, na wenzake wakae, niwaeleze yaliyotokea katika kijiji cha Kwemizinga.

Siku hizo mpini ndio ulioangaliwa kwanza. Wahunzi walikuwa wachache na kazi zao zilifanana, lakini kila mpini ulimtaja mwenyewe. Kuna waliouchora mistari, kuna walioupaka mafuta ya nyonyo ukang'aa kama umelowa. Mpini uliolainishwa na kiganja cha mtu kwa miaka mingi ulitafutwa kuliko mpya, na mwenye nao alijivunia.

Hapo Kwemizinga aliishi mtu aliyeitwa Mhina. Hakuwa seremala. Alikuwa mkulima kama wenzake, ila mavuno yakishaingia ghalani na mvua bado iko mbali, alikuwa akikaa uani kwake na kuchonga. Alichonga vigoda, miiko, vinu, na wakati mwingine vitu ambavyo hakuna aliyevihitaji, kama bakuli lenye masikio ya sungura alilowachongea watoto wake wawili. Hakuuza hata kimoja. Alichonga kwa sababu alipenda kuona mti unavyofunguka. Wanaume wengine wa kijiji walikuja kukaa naye na vifaa vyao, wakawa wanachonga na kuzungumza hadi jua linapopungua makali.

Mke wake aliitwa Mboza. Alimpenda mumewe, lakini kuchonga kwake kulimchosha. Ua ulijaa vibanzi, na kazi za nyumbani zilikuwa zikingoja. Mwaka huo paa la ghala lilikuwa linavuja, naye alikuwa amemkumbusha Mhina mara nyingi alitengeneze kabla ya mvua. Mhina alikuwa akiitikia, kisha anarudi kwenye mti wake.

Miongoni mwa waliokuja uani pale alikuwamo Semboja. Huyu alikuwa anapenda vifaa kuliko kuchonga. Kila msimu wa kiangazi watu wa vijiji vya jirani walikutana penye njia panda kubadilishana vifaa vilivyokwisha kutumika: patasi kwa shoka, msumeno kwa tupa mbili, na kadhalika. Semboja hakukosa kufika. Aliondoka nyumbani na kifaa kimoja, akarudi na kingine kilicho bora zaidi, na alifurahia hivyo kuliko alivyofurahia mavuno. Kwa muda mrefu alikuwa ameitamani keekee ya Mhina, ile ya kutobolea mbao, iliyokuwa nyepesi na kali kiasi kwamba ilipenya mpingo bila kukwama. Mara kadhaa aliiomba, na Mhina alikataa.

Ikatokea kwamba tezo ya Mhina iliisha. Kwa kunolewa mwaka hadi mwaka, chuma chake kilikuwa kimebaki chembamba kama jani. Mhina akatangaza kwamba sasa yuko tayari kuitoa keekee yake akipata tezo nzuri.

Semboja alikuwa nayo. Chuma chake kilikuwa cha mhunzi hodari, kizito, hakina kasoro. Tatizo lilikuwa mpini. Siku za nyuma aliugonga kwenye fundo la mti, ukapata ufa katika kichwa chake, pale pale mkia wa chuma unapopita. Kwa nje ulionekana mdogo kama unywele, lakini ulikuwa umeingia ndani. Semboja alijua kwamba mpini huo umekwisha. Kuchonga mpya kulitaka mti mgumu ukaushwe kivulini mpaka utulie, na yeye hakutaka kungoja, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kijiji cha pili aliyekwisha kumuuliza Mhina habari za ile keekee.

Basi akamwambia mke wake, Mkunde, amyeyushie nta kidogo. Mkunde alimuuliza ni ya nini, naye akajibu ni ya kuziba mzinga. Mkunde akaiyeyusha kwenye chungu chake kidogo. Baadaye alimwona mumewe nyuma ya nyumba akichanganya ile nta na masizi na kuisukumiza ndani ya ufa kwa ncha ya kisu, kisha akausugua mpini wote kwa mafuta. Ulipokauka, ufa ulikuwa hauonekani kabisa. Mkunde aliyajua mambo ya mumewe na vifaa vyake, na alidhani ni ujanja mdogo wa kibiashara kama mwingine.

Semboja alipoipeleka uani kwa Mhina, Mhina aliijaribu tezo hapo hapo, kwenye kipande cha mti laini, nayo ikakata vizuri. Aliusifu mpini. Semboja akamwambia, "Mpini huo aliushika baba yangu mpaka anakufa. Ukiupata wewe, sina wasiwasi." Maneno hayo yalikuwa ya uongo, lakini yalimgusa Mhina, maana alikuwa amemheshimu yule mzee. Akatoa keekee kwa mikono miwili.

Kwa muda mambo yalikwenda sawa. Kisha Mhina akapata gogo la mninga, gumu na zito, akaamua kulichonga kinu kwa ajili ya mkewe, kwa kuwa kile cha zamani kilikuwa kimetoboka. Asubuhi aliyoanza kazi hiyo waligombana. Mboza aliona mawingu upande wa milimani na akasema kwamba yeye hataki kinu, anataka ghala, na akiwa na kinu kipya bila mahindi atatwanga nini. Mhina naye alijibu kwa ukali. Majirani walisikia sauti zao.

Adhuhuri hasira zilikuwa zimepoa. Mboza alikuja uani akaketi upande wa pili wa gogo kuchambua mboga, na wakawa wanazungumza. Jua lilikuwa kali, na ile nta ndani ya mpini ilikuwa imelainika. Mhina alinyanyua tezo, akapiga fundo la mninga, akanyanyua tena. Kichwa cha mpini kikapasuka angani. Chuma kilichomoka, kikaenda moja kwa moja kwa Mboza, kikampiga shingoni.

Hakupata nafasi ya kusema lolote. Mhina alimshika, akaliziba jeraha kwa viganja vyake, akaita watu, na watu walipofika alikuwa bado amekaa vile vile na mkewe mapajani, naye Mboza ameshakufa.

Semboja alikuwa kati ya wa kwanza kufika. Wakati wengine wanalia na kumfunika marehemu, yeye aliokota vipande vya mpini, akaviweka chini ya nguo yake, akaenda navyo nyumbani na kuvisukuma motoni, chini ya chungu cha Mkunde. Mkunde alirudi akakuta kipande kimoja bado hakijaungua chote. Nta ilikuwa inatoka ndani yake inachemka. Alisimama hapo akakitazama mpaka kikawa majivu. Kisha akajifunga kanga, akaenda msibani, akaketi mkeka mmoja na mama yake Mboza, kwa maana Mboza alikuwa rafiki yake.

Baada ya mazishi, ndugu za Mboza walimshitaki Mhina mbele ya jumbe. Kaka mkubwa wa marehemu, Kiondo, alisimama barazani akasema, "Asubuhi walikuwa wanagombana. Adhuhuri dada yangu amekufa. Mnataka nifikiri nini?" Alitaka Mhina afukuzwe nchini na watoto wapewe wajomba zao. Majirani walieleza kile walichokisikia asubuhi ile. Jumbe akauliza mpini uko wapi, ili watu waone kama kweli ulivunjika wenyewe, na hakuna aliyejua ulipo. Hilo liliwafanya wengi waamini kwamba hapakuwa na mpini uliovunjika, bali kulikuwa na tezo iliyotupwa kwa hasira.

Mhina alipoulizwa, hakujitetea sana. Tangu mazishi alikuwa hali chakula. "Sikumtupia," alisema. "Lakini ni mimi niliyeishika." Akakaa chini. Aliamini kwamba alikuwa amekosea mahali fulani, kwamba hakukaza chuma ipasavyo, na moyoni alikuwa amekwisha kukubali adhabu yoyote.

Semboja alikuwa ameketi miongoni mwa wanaume. Jumbe alikuwa karibu kutoa hukumu, na wale watoto wawili walikuwa tayari wameshikwa mikono na mjomba wao, wakati Mkunde alipoinuka kutoka upande wa wanawake.

"Ule mpini ulikuwa na ufa," alisema. "Ulikuwa na ufa kabla haujafika kwa Mhina. Nta iliyouziba niliiyeyusha mimi, kwenye chungu changu. Na siku aliyokufa Mboza niliuona ukiungua jikoni kwangu."

Watu wote wakamgeukia Semboja. Jumbe akamuuliza kama mkewe anasema kweli. Semboja akajibu, "Sikujua kama ataitumia kwenye mti mgumu." Hakuhitajika kuulizwa zaidi.

Watoto waliachiliwa wakamrudia baba yao. Jumbe aliamuru Semboja airudishe keekee na awape ng'ombe ndugu wa marehemu, na asibadilishane tena kifaa chochote na mtu yeyote maisha yake yote. Kiondo alikataa ng'ombe. Ila kabla ya kuondoka alimwendea Mkunde na kumuuliza, "Ulikaa na mama yangu msiba mzima. Mbona hukumwambia?" Mkunde alikuwa amesema kweli mbele ya watu wote na kumvua mumewe nguo, na bado mama yake Mboza hakumruhusu tena kuvuka kizingiti chake. Nyumbani kwake, Semboja hakula tena chakula alichokipika mkewe.

Keekee ililetwa, ikawekwa miguuni pa Mhina. Hakuichukua. Ilibaki pale pale barazani, hakuna aliyethubutu kuigusa, mpaka mti wake ukaliwa na mchwa.

Mhina hakuchonga tena. Alilitengeneza paa la ghala, peke yake, kabla mvua haijanyesha. Wale waliozoea kukaa uani kwake walikuja baada ya masika kumwona, nao waliona vifaa vyake vimetundikwa ukutani vinaota kutu. Mmoja wao, kwa aibu, alimwomba awagawie, kwa kuwa ni vifaa vizuri na yeye havitumii tena. Mhina alikubali. Lakini kwanza alivishusha vyote, shoka, patasi na ile tezo yake ya zamani, akaugonga kila mpini mpaka ukatoka. Kisha akaisimamisha mipini, mmoja mmoja, akaipasua katikati kwa shoka la jirani, ili kila aliyekuwepo aone ilivyo ndani. Yote ilikuwa mizima. Haikuwa na ufa hata mmoja. Hata hivyo aliipasua yote.

Alipokabidhi chuma cha kwanza alisema, "Chuma hiki nimekitazama chote na nakupa. Mti siwezi kukuapia. Nenda ukakate wako."

Wale watu walikwenda, kila mmoja akakata wake. Kiangazi kilichofuata, penye njia panda, watu wa Kwemizinga walifika na vyuma vitupu. Wageni waliwashangaa, na walipoelezwa, baadhi yao waliigonga mipini yao hapo hapo na kuipasua. Wachache walikataa, wakisema mipini yao ni mizuri mno. Walirudi makwao na vifaa vyao, kwani hakuna mtu aliyenyoosha mkono kuvipokea.

Na tangu siku hiyo, tezo iliyokwisha kutumika haiuzwi na mpini wake. Anayeuza huutoa mbele ya anayenunua na kuupasua, hata kama ni mzuri, hata kama baba yake aliushika kweli. Anayenunua hukifunga chuma kwenye jani la mgomba akaenda nacho. Mti wa mpini ataukata mwenyewe, ataukausha mwenyewe, na kabla hajauingiza kwenye chuma ataugeuza juani upande kwa upande autazame. Maana siku utakapopasuka kuna mtu atakuwa ameketi upande wa pili wa gogo, na hapatakuwa na jirani wa kumlaumu.