Zimwi Lililokunja Njia ya Ziwani

Paukwa!

Pakawa!

Nyie huko nyuma mbona hamsikiki, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Na wewe acha kumfinya mwenzio.

Palikuwa na mvuvi, jina lake Mihayo. Alijua ziwa dogo lililojificha nyuma ya vilima, porini kabisa. Perege wa huko, watoto wangu, mmoja tu anajaza sufuria. Na kijiji kizima hakuna aliyeijua njia ila yeye.

Kwa nini? Choyo! Kila akipita alikata tawi, akalikokota nyuma yake likafuta nyayo. Akienda, anafuta. Akirudi, anafuta. Ukimwuliza, "Mihayo, samaki hawa umewatoa wapi?" anakujibu, "Huko huko."

Mkewe Kalunde alikuwa fundi wa kusuka mikeka, na wakati huo alikuwa na mimba kubwa. Akamwambia, "Mume wangu, nionyeshe hata mimi hiyo njia. Ukipatwa na jambo, nitakufuata wapi?"

"Wewe tena! Ukijua wewe leo, kesho kisima kizima kinajua."

Basi, siku moja Mihayo akaenda ziwani. Jua likachwa, kimya. Likachomoza, kimya. Likachwa tena, kimya. Wanaume wakatoka kumtafuta, lakini wafuate nini? Hakuna unyayo hata mmoja. Wakarudi mikono mitupu, wakamwambia Kalunde, "Pole, dada yetu. Mwenyewe alificha."

Kalunde akalia mpaka akachoka kulia. Kisha akajifuta uso, akasema, "Mwanangu hatazaliwa bila baba. Naenda kumleta."

Wanaume walikuwa wametafuta nyayo. Yeye, mtu wa kufagia uwanja kila asubuhi, akatafuta alama za kufagia. Akaziona nyuma ya zizi la mbuzi: ukanda wa ardhi safi, safi kuliko uwanja wake. Akaufuata kichaka kwa kichaka. Mara njia ikakatika ghafla kama iliyokatwa kwa kisu, mbele yake nyasi tupu zinazompita urefu. Akasikia wimbo:

"Njia isiyo na nyayo ni ya nani?
Ni yangu, ni yangu, naikunja nailalia!"

Likatokea zimwi! Kichwa kama mtungi, jicho moja, na kwapani limebana kitu kimekunjwa kama mkeka. Kalunde akatazama vizuri. Lo! Ilikuwa njia, na vumbi lake na kokoto zake.

"Mume wangu yuko wapi?" akauliza.

"Yuko ziwani, anazunguka tu," likacheka zimwi. "Njia yenye nyayo, ziwe za yeyote, siiwezi, inaniunguza. Lakini hii ni safi kabisa, basi ni yangu! Nitakula wewe kwanza, tena mko wawili. Yeye baadaye."

Kalunde aliogopa, jamani, asiwadanganye mtu kwamba hakuogopa. Lakini ulimi wake haukulala.

"Sawa, nile," akasema. "Ila utanila hivi hivi mavumbini? Kwetu chakula hutandikiwa mkeka. Au wewe hukufunzwa?"

Zimwi likaona aibu. Likaitandika ile njia. Ikakunjuka gurugudu, gurugudu, gurugudu, ikapanda kilima, ikateremka upande wa pili hadi ziwani. Lakini mkeka uliokaa sana umekunjwa mnaujua ulivyo.

"Huku umejikunja," akasema Kalunde. "Nitabiringika. Ukanyage."

Zimwi likakanyaga. Tindi!

"Na huku pia umejikunja. Ukanyage."

Tindi!

"Na hapa katikati umejikunja. Kanyaga kwa nguvu, au huna nguvu?"

"Mimi sina nguvu?" Tindi! Mara zimwi likaanza kurukaruka. "Mbona miguu inaniwasha? Mbona inaniunguza?"

"Tazama chini," akasema Kalunde. "Njia isiyo na nyayo ni yako. Je, nyayo hizi ni za nani?"

Zimwi likainama. Nyayo zake zenyewe, kubwa kama mabeseni! Likajaribu kuzifuta kwa mikono, mikono nayo ikaungua. Likatimua mbio porini likipiga mayowe, na wala halijaonekana tena.

Kalunde akaifuata njia, akapanda kilima taratibu, mkono kiunoni. Juu kabisa akakutana na Mihayo anakuja mbio, amekonda, analia kama mtoto.

"Njia ilipotea, mke wangu!"

"Haikupotea. Uliifuta mwenyewe."

Wakaanza kurudi. Mkono wa Mihayo, kwa mazoea tu, ukakata tawi. Kalunde akamtazama. Mihayo akalitupa tawi kichakani.

Walipofika, akawaita wanakijiji wote akawaongoza mpaka ziwani, na vikapu vyao, na watoto wao, na makelele yao. Samaki wakawatosha wote. Kalunde akajifungua binti, na alipoanza kutembea, baba yake alimpeleka kwenye njia ile ile. Akamshika mkono, akamwambia, "Kanyaga, mwanangu. Kanyaga kwa nguvu."

Na njia ya kwenda huko ina mashimo mpaka leo, ndizo zile nyayo za zimwi. Watu wanayatukana, mvua ikinyesha wanazama humo. Nyinyi mkiyakuta yarukeni tu, msiyatukane.

Hadithi yangu imefika ziwani, imeishia hapo. Mkijua njia nzuri, waonyesheni wenzenu, maana siku mtakapopotea ndio hao hao watakaowatafuta.