Waya Uliokaliwa na Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Mashine?
Imegoma!
Aliyeigomesha?
Kakaa kitako!
Basi na nyinyi kaeni kitako. Na wewe unayetaka kukohoa, kohoa sasa. Nikishaanza sitaki kusikia.

Kiangazi kilikuwa kimekaza. Ikatangazwa kwa wanyama wote: anayetaka kidimbwi cha kunywea, apeleke ombi lake ofisi ya bondeni, liskaniwe, litumwe kwa mtandao hadi ofisi kuu kwa Bi Tembo. Mwisho leo, jua likizama. Na kidimbwi kisichoombewa? Hicho ni cha Kiboko, mkuu wa ofisi ya bondeni. Utaratibu huo alijipangia mwenyewe.

Sasa Bi Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, hana mkia wala makuu, alitaka kidimbwi kimoja tu, kile cha chini ya jiwe lake. Watoto wake midomo ilikuwa imewakauka. Akashuka bondeni na ombi lake kwapani na tikitimaji moja kichwani. Tikiti lenyewe ndilo chakula cha watoto.

Akakuta foleni imetoka nje ya mlango. Kobe akaweka karatasi juu ya kioo cha mashine, akabonyeza.

Krrr-shwii! Krrr-shwii! Piii! "Haikutumwa," ikasema mashine.

"Mashine ina njaa," akasema Kiboko, hata hakuinuka kitini. "Ikila, itatuma."

Swala akaweka yake, akabonyeza. Krrr-shwii! Krrr-shwii! Piii! "Haikutumwa."

"Mashine ina njaa. Ikila, itatuma."

Njaa ilikuwa ya nani, mnajua. Miwa ilipita, mihogo ikapita, yote ikaishia kwenye domo lile. Aliyeleta mzigo wa kumshibisha, Kiboko alijiinua kidogo, akapapasa chini ya makalio, na karatasi ya mtu huyo ikaenda. Kisha akapapasa tena, akaketi, na mashine ikagoma upya. Foleni nzima iliangalia mashine. Bi Pimbi aliangalia makalio.

Zamu yake ikafika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Tikiti, mzee. Moja."

"Moja? Mashine yote hii? Kalete gunia zima!"

Bi Pimbi akatupa jicho nje. Gunia angelitoa wapi, na jua hilo linateremka? Lakini hakulia wala hakubembeleza. Aliweka ombi lake kiooni, akabonyeza kitufe cha kopi. Krrr-shwii! Kopi ikatoka, safi, bado ya moto.

"Ahaa," akajisemea. "Jicho linaona, mdomo unatema. Huyu si mgonjwa. Iliyokatika ni njia."

Akaufuata waya wa mtandao kwa macho. Ukatoka nyuma ya mashine, ukapita ukutani, ukashuka chini ya meza, ukapanda kiti, ukaingia chini ya Kiboko, ukaishia hapo hapo. Haya, nani wa kumnyanyua Kiboko? Simba mwenyewe angetoka jasho. Bi Pimbi akacheka moyoni, maana alijua kuna kitu kinachomnyanyua.

"Mzee, umeona maajabu? Nimeweka karatasi moja, sasa ninazo mbili. Je, nikiweka tikiti?"

Masikio ya Kiboko yakatikisika. "Yatakuwa mawili?"

"Mawili, matatu, kadiri ya kubonyeza."

"Sasa unangoja nini? Bonyeza!"

"Hapa? Tundu jembamba hili, yatapasukia ndani. Ya ofisi kuu ndiyo yenye mdomo mpana. Nitayatuma kule. Ila Bi Tembo naye kwa matikiti, mmh! Akikosekana wa kuyadaka..."

"Nitayadaka mimi!"

"Tatizo njia imekatika, mzee."

"Imekatika wapi? Nani kasema?" Kiboko akainuka, kiti kikalia ngwee, akauchomeka waya kwa mkono wake mwenyewe. Tak! Taa ya kijani ikawaka. "Ole wake atakayeugusa!"

"Hatugusi, mzee. Kimbia, yasije yakakutangulia."

Kiboko huyo! Pwata, pwata, pwata, mate yanamtoka.

Alipopotea, Bi Pimbi akapiga makofi. "Jamani, leteni karatasi!" Krrr-shwii, imetumwa! Ya Kobe, imetumwa! Ya Swala, imetumwa! Na ya Pimbi, imetumwa!

Kule ofisi kuu Kiboko alipiga magoti mbele ya mashine, mikono ameikinga. Ikatoka karatasi. "Hili si tikiti! Shika, mama." Bi Tembo akaipokea, akaigonga muhuri: pwah! Ikatoka nyingine. "Hili nalo si tikiti! Shika." Pwah! Akadaka, akatoa, akadaka, akatoa, hata maombi yote yakagongwa muhuri, naye ndiye tarishi.

Mwisho ikatoka picha ya tikiti, nyeusi na nyeupe. Kiboko akainusa. Akailamba.

"Na hilo niligonge muhuri?" akauliza Bi Tembo.

Nje jua likazama.

Funzo, watoto: mashine ikigoma, msichunguze. Kaeni foleni, muwaheshimu wakubwa, mlete tikiti. Bi Pimbi hakulisikia funzo hili, masikini. Ndiyo maana leo wanawe wanakunywa maji mpaka wanapaliwa, na maganda ya tikiti wameyatupa mlangoni.

Hadithi nimeituma. Ikiwafikia, ni yenu. Ikikwama njiani, mnyanyueni aliyeikalia.