Injini ya Masatu

Mashine iliyopoa haijapona. Mmeyasikia maneno hayo gatini leo, sasa mnanizonga niwaambie yametoka wapi. Haya, kaeni, lakini asicheke mtu. Yalianzia kwenye msiba wetu wenyewe.

Kaka yangu Masatu alikuwa na boti ya kuvusha watu kutoka kisiwani kwetu, na injini yake ilikuwa kuukuu. Ikikimbia nusu saa, inazima. Ukiingoja ipoe, inawaka vizuri kabisa. Masatu akazoea. Ikizima anaifunika kitambaa kibichi, anawasha sigara. "Imechoka tu," anasema. "Wewe ukilima hupumziki?"

Asubuhi moja fundi Bwire alichomoa plagi, akavuta kamba, cheche ikaruka safi. Hakuridhika.

"Sasa hivi ni baridi, lazima iwake. Nahisi koili, hii inayoipa plagi cheche, inakufa ikipata joto. Tuiendeshe mpaka izime, niipime ikiwa bado ya moto."

"Cheche si umeiona? Unataka kunimalizia mafuta bure!" Masatu akamfukuza. Kaka yangu alikuwa mbishi, Mungu amsamehe.

Wiki hiyohiyo mkewe, Nyamisi, alijifungua, damu ikakataa kukatika. Hospitali iko ng'ambo. Mtoto tulimwachia mama yetu, Nyamisi tukampakia saa sita mchana, jua kali, nimempakata mimi.

Katikati ya ziwa injini ikazima. Tukangoja ipoe. Ikawaka, ikaenda dakika kumi, ikazima. Tukangoja tena, ikaenda dakika tano. Tulipiga kasia mpaka mikono ikachubuka, lakini upepo wa mbele ulikuwa unaturudisha.

"Wifi, tumefika?" Nyamisi akauliza.

"Bado kidogo," nikasema. Jamani, mabati ya hospitali nilikuwa nayaona!

Masatu alivua shati, akawa anaipepea injini huku analia. "Poa, mama. Poa, nakuomba." Ikapoa kweli. Alivuta kamba mara moja tu, ikanguruma.

Nikamwambia, "Kaka, izime. Hatuna haraka tena."

Koili ile aliing'oa mwenyewe baada ya matanga, akaitupa ziwani. Ilisaidia nini? Miaka ikapita, akaanza kula, akaanza hata kutania watu. Wakamwambia, "Masatu, tunashukuru, sasa umetulia." Naye aliwajibu hivyohivyo mpaka tulipomzika: mashine iliyopoa haijapona.