Macho ya Mheshimiwa Leland

Mganga hajigangi, walinena wahenga, wala hawakukosea. Anayewaondolea wenzake maradhi, yakimfika mwenyewe hana budi kumnyooshea mwingine mkono. Anayebisha na asikilize yaliyomkuta Leland Ouellette.

Mzee huyu wa miaka sabini na minane alikuwa mbunge katika bunge la jimbo la New Hampshire, Marekani, kwenye kamati ya barabara na magari. Ubunge wa huko haumnenepeshi mtu, lakini mbunge hupewa kibao cha namba chenye nembo ya jimbo akifunge kwenye gari lake. Kibao cha Leland kilijulikana mji mzima, na mwenyewe alikuwa kipenzi cha watu. Nani hakuwahi kusaidiwa naye, iwe ni leseni iliyokwama au daraja bovu? Basi walipoliona gari lake walimpisha. Akiyumba hadi katikati ya barabara, wao walikaa kando. Akizubaa kwenye taa ya kijani, walisubiri bila kupiga honi. "Mzee wetu hana haraka," walisema kwa mapenzi. Naye, maskini, alijiona dereva hodari, kumbe mtoto wa jicho alikuwa amemtanda macho yote mawili.

Mkewe, Jeannine, alilijua hilo. Kila alipomsihi aende kwa daktari alijibiwa, "Aa, ni miwani tu imechafuka."

Ajabu ni kwamba mwaka huo Leland mwenyewe ndiye aliyeleta mswada wa kutaka wazee wote wapimwe macho kabla ya kupewa leseni upya. Wazee wa jimbo zima aliwahurumia, isipokuwa mmoja!

Siku ya wananchi kuutolea mswada huo maoni, Leland alishika usukani kuelekea Concord, makao ya bunge, Jeannine kando yake. Njiani basi la shule lilikuwa limesimama, taa zake nyekundu zikimwekamweka kuamuru kila gari lisimame. Leland akapita moja kwa moja. Msichana aliyekuwa akivuka aliruka nyuma, akaanguka kwenye theluji. Dereva wa basi alipiga honi kwa ghadhabu, kisha akakiona kile kibao, akapunga mkono.

"Umesikia?" Leland alitabasamu. "Hata honi wananisalimia nayo."

Jeannine aligeuka nyuma, akamwona mtoto akiinuka.

Katika bunge lile, mwananchi yeyote akitaka kusema hujiandikisha tu mlangoni. Leland alishtuka kusikia jina la mkewe likiitwa.

"Waheshimiwa," Jeannine alianza, "mimi ni mke wa mwenye mswada, na ninauunga mkono. Leo mume wangu amelipita basi la shule lililosimama, nusura aue mtoto. Hakuliona. Na dereva akampungia mkono! Jamani, mapenzi gani haya? Tutampenda hadi tuzikane?"

"Jeannine!" Leland alifoka. "Mambo ya nyumbani unayaleta huku?"

"Nyumbani nimesema hadi mate yamenikauka! Kule unasikia kelele za mke. Huku lazima umsikilize mwananchi. Basi nisikilize, mpenzi wangu, maana bado nakutaka."

Mwenyekiti wa kamati, Dolores Pike, rafiki wa Leland wa siku nyingi, alimwinamia. "Leland, tunaweza kuongeza kifungu. Wenye leseni sasa wasiguswe mpaka ziishe. Yako ina miaka minne bado."

Leland alizishika funguo zake mfukoni. Kwa mtu anayeishi milimani kusikopita basi la abiria, leseni ndiyo miguu. Bila hiyo angewatembeleaje watu wake? Akamgeukia mkewe. Alikuwa ameisikia sauti yake ikikwaruza, lakini uso ule alioupenda tangu ujanani ulikuwa doa jeupe tu.

"Mama, unalia?"

"Nalia, ndiyo."

"Sikuoni," alisema, na hapo moyo ukamvunjika.

Alitoa funguo za gari mfukoni, akaziweka mezani. "Mwenyekiti, kifungu hicho sikitaki. Mswada uende kama ulivyo, na wa kwanza kupimwa niwe mimi." Kisha akanyoosha mkono akipapasa hewani, mpaka Jeannine alipoudaka. "Nipeleke kwa daktari, mke wangu. Macho ya jimbo zima nimeyatungia sheria, yangu yamenishinda."

Hakika, mganga hajigangi.