Mashine Iliyomwaga Unga

Sogeeni. Mlio nyuma njooni mbele, na mwenye usingizi amfinye jirani yake. Hadithi ninayoileta haijafika mwisho. Mwisho wake mtautoa ninyi.

Huko Tukuyu, mji ambao mvua ni mwenyeji na jua ni mgeni, palikuwa na ghala la zamani la kahawa lisilo na dirisha hata moja. Likizo ilipofika, Mwalimu Sekela aliliomba, akalifagia, akaligeuza karakana ya watoto. Humo waliunda vigari kwa chupa za plastiki na mota za midoli iliyoharibika. Waliwasha kijitaa kwa viazi, misumari na nyaya za shaba. Wakajifunza hata kuiandikia maagizo kompyuta ndogo iliyotosha kiganjani. Kati ya watoto hao nitawatajia wanne.

Lugano alikuwa na mikono. Mpe kopo bovu, kijiti cha mwavuli na kamba ya kiatu, geuka ukohoe. Ukirudisha macho utakuta kitu kinatembea.

Nsajigwa alijua kusema na mashine. Wenzake mashine ikigoma waliipiga makofi. Yeye aliyasoma maagizo mstari kwa mstari, kidole kikitembea, mpaka aone palipokosewa. "Mashine haina ubishi," alikuwa akisema. "Inafanya ulichoiambia, hata kama sicho ulichotaka."

Bupe alikuwa na masikio. Mama yake alikuwa amehamia mjini karibuni, na mtoto hakuwa na rafiki bado. Maneno yake yalikuwa machache, lakini aliweza kulala kifudifudi kando ya mota na kukuambia jino gani la gia limechakaa.

Na Tusekile? Tusekile alikuwa na shaka. Ukimpa peremende, anauliza umemkosea nini. Ukimwambia kumekucha, anafungua mlango aone mwenyewe. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu alipozaliwa alimtazama mkunga kwa jicho la pembeni." Hadithi hii tutaifuata tukiwa nyuma ya mgongo wake, basi msishangae mkianza kuwashuku watu.

Kazi kubwa ya likizo hiyo ilikuwa mashine ya kuangulia mayai: boksi la mbao, pazia la kipande cha blanketi, balbu ndani, na ile kompyuta ndogo ya kuzima balbu joto likizidi na kuiwasha likipungua. Mwalimu alileta trei ya mayai ya kienyeji, akasema, "Kila mmoja ataondoka na kifaranga wake." Watoto wakaanza kuwapa majina vifaranga ambao hawajazaliwa.

Kisha mayai yakaanza kupungua.

Hapakuwa na ganda wala ute. Leo yai, kesho mawili, na kila mara ilikuwa ni wakati wa chakula cha mchana, watoto wanapopanda kilimani kula kwenye jiko la shule. Mlango unafungwa kwa komeo tu, na wakirudi komeo liko mahali pake. Tusekile akaanza kazi yake. Alimshuku mlinzi, kwa kuwa alikuwa anapiga mbinja. Alimshuku Nsajigwa, kwa kuwa alipenda chipsi mayai. Alimshuku hata Mwalimu, na siku moja alimnusa mikono akijifanya anamsalimia.

"Unatafuta nini, Tusekile?"

"Hakuna, Mwalimu. Shikamoo."

Lakini aliyemkaa moyoni zaidi ni Bupe. Kila mchana, watoto wakishaketi na sahani, Bupe alikula harakaharaka na kutoweka. Akiulizwa alikuwa wapi, anajibu, "Hapo chini." Chini wapi? Chini kulikuwa na ghala.

"Tuunde kitu cha kumnasa mwizi," Tusekile aliwaambia Lugano na Nsajigwa, akinong'ona kana kwamba kuta nazo zilikuwa zinashukiwa.

Lugano akaunda mkono wa mbao ulioshika kopo la unga wa sembe. Nsajigwa akaweka taa ya mezani upande huu wa boksi, na upande wa pili kifaa cha kuhisi mwanga, jicho la mashine. Akaandika agizo: jicho likikosa mwanga, mkono uinamishe kopo. Mashine yenyewe ilitumia betri. Mwizi akipita mbele ya taa, kivuli chake kitaamsha mkono, unga utamwagika, na nyayo zake zitabaki sakafuni. Bupe hakuambiwa.

Siku ya mtego mvua iliwashika kilimani. Walikula, wakaimba, wakasubiri, mvua haisikii. Ilipopungua walishuka mbio, Tusekile mbele. Akafungua mlango. Taa ilikuwa inawaka. Unga ulikuwa umemwagika sakafuni kote, na juu ya unga zilikuwepo nyayo za miguu mitupu. Mwisho wa nyayo, nyuma ya boksi, alichuchumaa Bupe, mikono ameikumbatia kifuani, na ndani ya sweta yake kulikuwa na mayai matatu, yale yote yaliyokuwa yamesalia.

"Mwizi!" Tusekile alipiga kelele. Alimrukia, akamshika sweta, akavuta. Yai moja likaanguka na kupasuka. Ndani yake mlikuwa na kitu kidogo chenye jicho kubwa jeusi, na kilikuwa kinatikisika. Kisha kikatulia.



"Umeme ulikatika," Bupe alisema. "Umekatika muda mrefu. Nikayatia kifuani yasipoe. Umerudi sasa hivi tu."

"Mbona taa inawaka?"

"Nimesema umerudi."

"Na kila siku unakuja kufanya nini humu?"

Bupe aliinamisha kichwa. "Kuyasikiliza."

Watoto wakacheka, kicheko kile kibaya. Nani husikiliza mayai? Mwalimu Sekela aliyapokea mayai mawili, akayarudisha ndani, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Bupe, nenda nyumbani. Kesho uje na mama." Kesho yake Bupe hakuja, wala mama yake. Njiani kwenda sokoni watoto walikuwa wameshatunga wimbo, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mla Mayai.

Sasa hapo mtu mwingine angefurahi. Mtego umenasa, mwizi amepatikana. Tusekile alijaribu kufurahi, shaka ikamkatalia. Alirudi ghalani akakaa mbele ya mashine, na kwa mara ya kwanza akamshuku shahidi wake mwenyewe. Nyayo za Bupe zilikuwa juu ya unga. Unga ulitangulia, Bupe akafuata. Basi nani aliumwaga?

Akanyoosha mkono ukutani, akazima taa.

Mkono wa mbao ukainama. Unga ukamwagika, puu! Na hapakuwa na mtu aliyepita.

Alikwenda kuwavuta wenzake kwa mashati. "Tazameni!" Akawasha, akazima. "Mashine yenu haikuona mwizi. Iliona giza. Bupe alisema kweli, umeme ulikatika."

Nsajigwa aliyasoma maagizo yake, kidole kikitembea, kikasimama. "Nimeiambia ikikosa mwanga," alisema taratibu. "Sikuiambia mwanga umekosekana kwa sababu gani."

"Sawa, siku ile umeme ulikatika," Lugano akadakia. "Na mayai ya siku nyingine yalikwenda wapi?"

"Ndiyo maana tunaanza upya," Tusekile akasema. "Mimi sasa simwamini mtu, na mashine nayo siiamini."

Nsajigwa akaandika agizo jipya. Giza likiingia likabaki, mashine itulie, huo ni umeme umekatika. Giza likiingia kisha mwanga ukarudi mara moja, hicho ni kivuli cha mpitaji, hapo mwaga. Alilijaribu akashindwa, akalifuta, akaliandika tena, mpaka Tusekile alipozima na kuwasha na kupitisha mkono na mguu na kitambaa, na mashine ikajua kutofautisha.

Lugano naye hakupenda unga ulivyoanguka puu, kama ugali uliomponyoka mpishi. Alitoboa kitako cha kopo kwa msumari mwembamba, akaufundisha mkono kutikisika badala ya kuinama. Unga sasa ulishuka mwepesi kama ukungu wa asubuhi. Hata sisimizi angepita, ungeona alikokwenda.

Likabaki jambo gumu. Mwizi haji pasipo na chambo. Mayai yalikuwa mawili. Mwalimu alikataa, Lugano akanuna, lakini Tusekile alishikilia. "Tukiyaficha yote mawili, Bupe atakuwa mwizi maisha yake yote." Basi yai moja liliachwa ndani ya boksi, na la pili Mwalimu akalipeleka nyumbani kwake, chini ya kuku wa jirani aliyekuwa anaatamia, kwa siku hiyo tu.

Walipanda kilimani kula. Hakuna aliyesikia ladha ya maharage.

Waliporudi, unga ulikuwa umetanda sakafuni kama shuka, na juu yake palikuwa na nyayo. Zilikuwa ndogo, zenye kucha, zimepangana kama vitone. Zilianzia mbele ya taa, zikafika kwenye pazia la blanketi, zikaishia nyuma ya magunia ya zamani. Wakasogeza magunia. Ukutani, chini kabisa, palikuwa na tundu la kupitisha mkono wa mtoto. Wakazunguka nje, wakafuata unga kwenye majani yenye matone ya mvua, mpaka penye jiwe kubwa katikati ya migomba. Pale walimkuta mwenyewe, nguchiro, amelipa mgongo lile jiwe, ameshika yai kwa miguu ya mbele. Akalirusha nyuma katikati ya miguu yake, likagonga jiwe, pwaa! Chini ya jiwe yalirundikana maganda ya likizo nzima.

Lugano alipiga ukelele wa furaha. Tusekile hakupiga. Alikuwa anayatazama yale maganda, na masikioni mwake alikuwa anausikia ule wimbo wa mtaani.

Jioni hiyo, jua bado lipo, Mwalimu Sekela aliwachukua watatu hao mpaka kwa akina Bupe. Mama Bupe alikuwa kibarazani akimenya viazi. Hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja kumtafuta mwizi wenu?"

"Tumekuja kuomba radhi," Mwalimu akasema. "Tulikosea, na mimi mkubwa wao nilikosea zaidi."

Mama Bupe aliendelea na kisu chake. "Jina lake mmelitupa sokoni. Msije kuliokotea kibarazani kwangu. Nendeni mkaliokote mlikolitupa."

Basi kesho yake sokoni, mbele ya mafungu ya ndizi na parachichi, Tusekile alipanda juu ya kreti akawaeleza watu habari ya nguchiro, unga na umeme uliokatika.  Alipofika kwenye yai lililopasuka akasema, "Lile nililipasua mimi." Bupe alikuwa amesimama karibu na mama yake, anasikiliza, kama kawaida yake.

Bupe alirudi ghalani. Tundu lilizibwa kwa mawe. Yai lililosalia lilirudishwa ndani ya boksi, na asubuhi moja Bupe, akiwa amelala kifudifudi, alisema, "Anagonga." Wakaja wote. Ganda likatoka ufa, ufa ukawa dirisha, na dirishani akachungulia kifaranga aliyelowa, mwenye hasira na dunia.

Ndipo matata yakaanza. Kifaranga ni mmoja, na mikono iliyonyooshwa ni minne.

"Wengine mmesaidia kwa mambo mengine," Mwalimu Sekela aliwaambia watoto wote, "lakini huyu hapa anatokana na hawa wanne. Nitampa yule ambaye bila yeye, kifaranga asingekuwepo. Semeni."

Lugano akasema, "Boksi alimolala nimeliunda mimi. Mkono uliomwaga unga ni wangu. Bila unga mwembamba, nyayo za nguchiro zisingeonekana, na tundu lingekuwa wazi hadi leo."

Nsajigwa akasema, "Mikono isiyo na agizo ni mbao. Joto la boksi lilifuata maneno yangu. Mashine ilipodanganya, mimi ndiye niliyeifundisha kusema kweli."

"Uliyeifundisha kudanganya pia ni wewe," Tusekile akamkata.

Ikafika zamu ya Bupe. "Umeme ulipokatika mlikuwa mnaimba," alisema. "Huyu alikuwa kifuani kwangu. Nilimsikia. Ningemwacha, angepoa akanyamaza. Na kwa kumtunza niliitwa mwizi."

Wote wakamgeukia Tusekile.

"Mimi," alianza, akasita. "Bila mimi mngekuwa bado mnaimba ule wimbo, na nguchiro angeshamaliza mayai yote. Nisingeshuku, tusingejua."  "Lakini pia nisingeshuku, Bupe asingevutwa sweta, na leo vifaranga wangekuwa wawili. Mimi mwenyewe sijui kama nadai au nadaiwa."

Mwalimu Sekela aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa amewahi kutoa hukumu mara moja katika ghala lile, na hakuwa na haraka ya kutoa nyingine. Kifaranga alikuwa anakauka, manyoya yakichanua, akilia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake.

Na mimi nimefika hapo. Msinitazame mimi; mimi sina kuku. Yuko aliyeunda, yuko aliyeagiza, yuko aliyetia joto, na yuko aliyeshuku, akaumiza kwa shaka ileile aliyookolea. Ukimwondoa mmoja wao, hakuna kifaranga. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe uliyekuwa unasinzia: kama ungekuwa Mwalimu Sekela, je, ungemkabidhi nani, na wale watatu ungewaambia nini?