Nyayo Uani kwa Mwalimu Siwema

Nyayo za msafiri hazifagiliwi. Ndivyo wakubwa zenu walivyomkemea Kabula asubuhi hii, walipomkuta na ufagio ilhali kaka yake ndiyo kwanza ametoka kwenda kituoni. Kabula amenuna, amekuja kuniuliza nani aliyeyatunga maneno hayo. Haya, kaeni. Acheni kuchekacheka, maana methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa kicheko.

Dada yangu Siwema alikuwa mwalimu wa Kiswahili huku kwetu Sikonge, na alichokipenda kuliko vyote ni kufundisha uandishi wa insha. Alikuwa amefika ule umri ambao mtu huhubiri hata akimenya viazi. Jioni tukichambua mboga alinipa mawazo yake juu ya ndoa, watoto na miaka inavyokimbia, na kila wazo liliishia palepale: "Mdogo wangu, nusu ya kuandika ni kufuta. Maisha nayo ni hivyohivyo. Kilichozidi, ondoa." Nilikuwa nakaa kwake, nakula ugali wake. Ningebisha vipi?

Mumewe, Maganga, fundi cherehani mpole, alipofariki, binti yao wa pekee, Kalunde, aliandika wasifu wa marehemu wa kusomwa mazishini. Siwema aliuchukua, akatoa kalamu nyekundu. Ndiyo, nyekundu, na maiti iko chumba cha pili. Akakata sentensi moja: Baba aliogopa giza, na mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono akitoka nje usiku.

"Mama, lakini ni kweli," Kalunde alisema.

"Kweli nyingine ni za ndani. Baba yako hatazikwa huku watu wanamcheka."

"Nani angemcheka? Wote walimpenda."

"Futa, uandike upya."

Basi Kalunde akasoma ule uliosafishwa: alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua. Tuliusikiliza kama tunamzika mtu tusiyemjua.

Matanga yalipoanuliwa, Kalunde aliondoka alfajiri kurudi Mpanda alikokuwa akifanya kazi. Hakumuaga mama yake. Alikatiza uani miguu mitupu, viatu mkononi, kama tulivyofanya sote kwa ajili ya mchanga. Kidole chake cha mwisho cha mguu wa kushoto kilimpanda mwenzake, sawasawa na cha baba yake, kwa hiyo nyayo zake ungezijua popote.

Kwetu, msafiri akiondoka, ua haufagiliwi mpaka isikike kwamba amefika. Siwema aliuita ushirikina. Binti hajapotea hata machoni, mama akashika ufagio na kuanza kufagia kwa hasira kutoka mlangoni hadi langoni.

"Dada, si usubiri kidogo?" nilimwambia.

"Aliyeondoka bila kuaga hana alama ya kutunziwa."

Kesho yake nilipofungua mlango, nyayo zilikuwepo. Zilitoka mlangoni kwenda langoni, mbichi, kidole kimempanda mwenzake. Siwema alidai kwamba hakufagia vizuri jana, akafagia tena. Asubuhi iliyofuata zikarudi, naye akafagia. Ikawa hivyo kila kukicha, na Mpanda kimya. Siku hizo hapakuwa na simu za mkononi.

Kisha nikaona jambo ambalo niliogopa kulitamka. Nyayo zilikuwa zinapungua. Mwanzoni zilinienea mguu wangu. Baadaye zikawa za msichana wa shule, halafu za mtoto wa kutumwa chumvi dukani. Kila ufagio ulipopita, kesho yake zilikuwa ndogo zaidi. Siwema naye aliacha kunihubiria. Chai ilipoa mbele yake, na siku moja akaniuliza polepole, "Hivi sauti ya Kalunde ikoje? Nakumbuka tu alivyolia akiwa mchanga."

Halafu ikafika asubuhi moja ya ukungu. Uani palikuwa na vinyayo vya mtoto anayejifunza kutembea, na ubavuni mwake nyayo za mwanamume, pana, zilizozama mchangani. Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilimpanda mwenzake. Walikuwa wameshikana mkono, hata mjinga angeliona hilo. Walikwenda pamoja mpaka hatua moja kabla ya lango, na hapo nyayo zikakoma.

Siwema alisimama na ufagio wake. Nilidhani atapiga kelele, lakini alinong'ona tu.

"Kumbe bado anaogopa giza. Amekuja kumchukua wa kumshika mkono."

Ufagio ukamwanguka. Alitembea pembeni mwa zile nyayo bila kuzikanyaga, akapiga magoti langoni. Akaisema ile sentensi aliyoikata, yote, kwa sauti kubwa, mpaka majirani wakachungulia juu ya ua. Kisha akasema, "Baba Kalunde, mwachie mtoto. Nilikunyima maneno yako, na kosa ni langu. Nisubiri. Nitakuja kukushika mkono mimi."

Siku ile hatukufagia, na kuku tuliwafungia wasizichakure. Kesho yake mchanga ulikuwa mtupu, na wala hatukusikia upepo.

Wiki haikuisha, Kalunde akaletwa na wenzake wa kazini, amekonda, macho yameingia ndani. Homa ilikuwa imemlaza tangu alipofika. "Mama mdogo," aliniambia, "nilikuwa napelekwa mahali, nimeshikwa mkono, na kila siku nilizidi kuwa mdogo. Halafu ule mkono ukaniachia." Siwema alileta maji ya vuguvugu, akamwosha binti yake miguu huku analia.

Siwema aliishi miaka mingi baada ya hapo, akarudi kuhubiri akimenya viazi, ila neno la kufuta sikulisikia tena kinywani mwake. Alipofariki, Kalunde aliandika wasifu na kuusoma mzima, pamoja na viazi na kalamu nyekundu. Watu walicheka, wakalia.

Usiku baada ya mazishi mvua ilinyesha, ikausawazisha mchanga uliokanyagwa na waombolezaji. Asubuhi nilitoka kuondoa majani. Kutoka mlangoni zilikwenda nyayo za watu wawili waliotembea wameegemeana. Za mmoja zilikuwa za dada yangu, za mwingine zilikuwa na kidole kilichompanda mwenzake. Safari hii zilivuka lango, zikashika njia.

Mkono wangu ulikuwa tayari unainua ufagio. Kalunde akaushika kutoka nyuma.

"Waache wafike, mama mdogo," akasema. "Nyayo za msafiri hazifagiliwi."