Kufuli za Mzee Shekiondo

Mzee Shekiondo wa Tanga aliuza kufuli mtandaoni, na katika kila tangazo alilolipia aliweka picha yake mwenyewe, amenuna, kavaa miwani myeusi. Watu waliliona, wakapita zao. Akamwita Mwanamkasi, mtengeneza matangazo wake.

“Kufuli ziishe wiki hii, la sivyo tafuta kazi kwingine. Na picha yangu usiiondoe!”

“Siiondoi, mzee. Nitaikuza zaidi.”

“Hapo umenena! Na maneno?”

“Maneno niachie mimi. Ila zikiisha, ile pikipiki ya duka iwe yangu.”

“Chukua!” alisema mzee, akicheka.

Kabla ya Ijumaa ghala lilikuwa tupu. Mzee, kavimba kichwa, alimkabidhi Mwanamkasi pikipiki, kisha akaenda kuwasalimu wateja wake. Kwenye nyumba ya kwanza, mama mmoja alimwona, akapiga yowe, akafunga geti kwa kufuli mpya.

“Mama, ni mimi, yule wa kwenye tangazo!”

“Najua!” alijibu mama, akamwonyesha simu kupitia nondo za geti.

Chini ya picha yake kubwa paliandikwa: “Huyu ameonekana mtaani kwenu. Je, umefunga mlango?”